Kuchagua Chombo cha Kuengua Povu: Jibu kwa Msomaji Wetu wa Mvumi



Ndugu zetu wasomaji, katika barua tulizozipokea mwezi huu imo moja iliyotoka Mvumi, katika nchi ya Ugogo, ambayo tumeona vema tuijibu hapa mbele ya wote. Jambo liulizwalo, ijapokuwa ni geni kwa wengi, lina mafunzo kwa kila nyumba iliyochukua kiumbe chini ya dhamana yake. Mwandishi atuarifu kwamba kijana wake anayefanya kazi Maskati yu karibu kuja likizo, naye amekwisha kununua tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 100, upana wa 50 na kina cha 50, kwa nia ya kuwawekea wazee wake kipande cha bahari nyumbani: samaki wadogo wa rangi, na matumbawe yaliyo hai. Lililobaki ni chombo cha kuengua povu, ambacho wauzaji hukiita skima. Dukani ameonyeshwa vitatu. Kimoja ni kikubwa, kimeandikwa kuwa chatosha lita 1,000. Cha pili ni cha kadiri, kimeandikwa lita 500. Na cha tatu ni rahisi kwa bei, chaendeshwa kwa pampu ya hewa na kibanzi cha mti. Baba auliza kijana achukue kipi. Na chini ya barua mama wa nyumba ameongeza mstari wake mwenyewe: maji ya tangi hilo yatachotwa na nani, na umeme ukikatika itakuwaje?

Tutaanza na swali la baba, lakini twasema mapema kwamba jibu lake halitatimia mpaka la mama lijibiwe.

Chombo hiki chafanya nini? Wapishi walilijua jambo hili kabla ya mafundi. Nyama ikitokota, povu la kijivu hupanda juu ya sufuria, na mpishi mwenye akili huliengua kwa upawa kabla halijarudi mchuzini. Kadhalika, aliyekaa pwani wakati wa kusi kali ameona jinsi mawimbi yayapondavyo maji, hata povu zito likasukumwa mpaka mchangani. Uchafu wa protini na mafuta, utokao katika kinyesi cha samaki, ute wa matumbawe na makombo ya chakula, una upande mmoja uyapendao maji na upande wa pili uyakimbiao. Ukutanapo na kiputo cha hewa hujishika katika ngozi yake na kupanda pamoja nacho. Skima ni mnara wa plastiki ambamo maji ya tangi huchanganywa na maelfu ya viputo vidogo. Viputo hupanda vikiwa vimebeba uchafu, hubanwa katika shingo nyembamba, vikawa povu, na povu likamwagikia katika kikombe kilicho juu. Kinachokusanyika humo ni maji meusi kama chai iliyokolea, yenye harufu isiyosahaulika.

Faida yake ni kuutoa uchafu kabla haujaoza. Ukisha kuoza ukawa naitreti, skima haina tena uwezo wa kuukamata, na hapo dawa ni kubadilisha maji. Yafaa pia kujua kwamba kazi hii hufanyika katika maji ya chumvi. Katika maji matamu viputo huungana upesi vikawa vikubwa na kupasuka, na kwa hivyo afugaye perege nyumbani asipoteze fedha zake.

Wala tusidhani kwamba pasipo skima matumbawe hayaishi kabisa. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza jinsi alivyoyaweka matumbawe hai katika matangi kwa mawe ya bahari yenye viumbe ndani yake na viputo vichache vya hewa. Lakini yeye alikuwa jirani wa bahari yenye joto. Ni katika miaka hiyo hiyo ya 1960 ambapo Wajerumani, walio mbali na bahari ya namna hiyo, walikuza matumizi ya skima katika matangi ya nyumbani. Hapa pana mizani ya kupimia: kadiri mtu alivyo mbali na bahari, ndivyo thamani ya chombo hiki inavyozidi. Na Mvumi ni mbali. Kutoka Dar es Salaam mpaka mjini Dodoma ni kiasi cha kilomita 450 kwa barabara, kisha safari iliyobaki.

Sasa tuje kwenye vyombo vitatu. Tangi la kijana, likijazwa mpaka ukingoni, huchukua lita 250. Ukitoa nafasi ya mawe na ya juu, maji hasa ni kama lita 200. Hesabu iandikwayo na watengenezaji juu ya sanduku aghalabu ni ya tangi lenye samaki wachache walao kidogo. Kwa hivyo wenye uzoefu huchukua chombo kilichoandikwa kiasi cha mara mbili ya maji waliyo nayo. Mtu aweza kusema, basi kile cha lita 1,000 kitakuwa bora zaidi. Sivyo. Povu halisimami pasipo uchafu wa kulishikilia. Katika mnara mpana mno, uchafu wa samaki watano au sita hautoshi kulipandisha povu mpaka shingoni; litapanda na kushuka, na kikombe kitakaa kikavu siku nyingi. Kile cha tatu, cha kibanzi cha mti, hufanya kazi njema kikitunzwa, lakini kibanzi chenyewe huziba na kutaka kubadilishwa kila baada ya majuma machache. Mwenye duka mlangoni pake aweza kuvumilia hayo. Aliyeko Mvumi ataagiza kibanzi, na kabla hakijafika povu litakuwa limekoma.

Kwa hivyo cha kadiri ndicho twakichagua, lakini kwa masharti ambayo kijana ayatazame kabla ya kulipa. Kwanza, pampu yake iwe ya umeme mdogo wa volti 12 au 24, ambao betri yaweza kuutoa. Sababu yake tutaieleza. Pili, aulize chombo chataka kusimama katika maji ya kina gani. Skima nyingi za kuwekwa katika tangi la pili, likaalo chini ya meza, zataka kina cha sentimita 18 mpaka 23 kisichobadilika. Katika upepo mkavu wa uwanda wa kati maji hukauka upesi. Kina kikishuka, povu nalo hushuka. Kinachokauka ni maji, chumvi hubaki, na kwa hivyo pengo hujazwa kwa maji matamu kila siku. Tatu, kikombe kitoke kwa mkono mmoja na shingo iwe ya kusafishika, kwani utando wa mafuta ukishika shingoni povu halipandi. Kazi hii ni ya mara mbili kwa juma, na mwenye kuifanya atajwe kwa jina kabla chombo hakijafika nyumbani.

Na mtu asikate tamaa povu lisipoonekana siku za kwanza, kwani chombo kipya huhitaji siku kadhaa, hata juma moja au mawili. Sisi wenyewe tulipoanza kufuga tulikuta asubuhi moja povu limetoweka kabisa, tukafungua chombo chote na kukilaumu. Khalafu ikadhihiri kwamba mtoto wetu alitia mkono tangini kuokota kigae akiwa amejipaka mafuta ya nazi. Baada ya saa chache povu lilirudi lenyewe.

Tena isitarajiwe skima kufanya miujiza. Mwaka 2009 Ken Feldman, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania State huko Marekani, pamoja na wenzake, walizipima skima za namna mbalimbali. Walikuta kwamba zilitoa kiasi cha sehemu 20 mpaka 35 tu katika kila sehemu 100 za uchafu wa asili ya viumbe waliouweza kuupima, na tofauti baina ya chombo na chombo haikuwa kubwa. Maana yake ni kwamba fedha za ziada zinazoliwa na jina la chombo zingefaa mahali pengine. Na mahali penyewe ndipo alipopaonyesha mama.

Umeme ukikatika, povu si jambo la kwanza la kuhofia. La kwanza ni pumzi. Skima huingiza hewa majini, na ikisimama pamoja na pampu nyingine, samaki huanza kukosa hewa. Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa inayoyeyuka majini hupungua kwa kama sehemu moja katika nane ukilinganisha na pwani. Muda wa kuwaokoa ni mfupi zaidi. Tunayasema haya kwa uchungu. Tulinunua skima kubwa kuliko haja, na fedha tulizozibana zilikuwa za betri. Usiku mmoja umeme ulikatika tumelala, na alfajiri tulipoamka kwa sala tuliwakuta samaki wote wamekufa, wa mwisho angali akipandisha kinywa juu ya maji mpaka naye akatulia mbele ya macho yetu. Kosa lilikuwa letu, na chombo kikubwa kilikuwa kimesimama pale kikavu, hakikufaa kitu.

Basi kijana achukue skima ya kadiri, na bei iliyosalia aitie katika betri, na pampu ndogo ya hewa iwakayo yenyewe umeme unapokatika. Atazame pia kwamba tangi la chini lina nafasi ya kupokea maji yashukayo pampu zinaposimama. Lisipokuwa na nafasi, maji hupanda kuliko kina cha skima, na umeme ukirudi kikombe hufurika na kuurudisha uchafu wote tangini. Tena usiku wa mwezi wa Julai baridi ya Dodoma hushuka chini ya nyuzi 15, hali matumbawe yataka nyuzi 24 mpaka 27. Chombo cha kupashia maji joto nacho chataka umeme, na gharama yake ihesabiwe.

Ama maji, hii ndiyo hesabu. Kuyatia chumvi mara ya kwanza kwataka kama kilo 9 za chumvi ya bahari iliyotengenezwa kwa kazi hii. Chumvi ya jikoni haifai. Kisha, pamoja na skima, hubadilishwa kiasi cha lita 25 kila majuma mawili, yaani ndoo moja na zaidi, mbali na yale ya kujazia yaliyokauka. Maji ya visima vya uwanda mengi yana madini ndani yake, na yataka kupitishwa katika kichujio cha utando. Na kichujio hicho, kwa kila lita kisafishayo, hutoa lita kadhaa zisizofaa tangini. Hizo zisimwagwe, zafaa kufulia na kuoshea. Maji ya mvua yaonekana safi, lakini yakipita juu ya bati hubeba zinki, ambayo ni sumu kwa matumbawe. Katika mwezi wa Oktoba, wakati watu wachimbapo mchanga wa mito mikavu kutafuta maji, kila nyumba yajua ndoo moja ina maana gani. Ikiwa ndoo ya tangi itapunguza ya kunywa au ya jirani, basi jambo limekwisha, na tangi lingoje.

Kuhusu matumbawe yenyewe, kijana asiyabebe kutoka ng'ambo ndani ya sanduku lake. Matumbawe ya mawe yamo katika mkataba wa mataifa wa biashara ya viumbe uitwao CITES, na kuvuka nayo mpaka kwataka kibali. Wala asitume mtu kuyavunja katika miamba yetu. Yako yanayokua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka, nayo yalikwisha kupata msiba mkubwa wa joto la bahari mwaka 1998. Ayatafute yaliyokatwa na kukuzwa na wafugaji, yenye kibali, na aanze na yale laini yastahimiliyo makosa.

Kuwaweka viumbe nyumbani kwa furaha ya macho hakukukatazwa. Sote twakijua kisa cha Abu Umeir mdogo na ndege wake, na jinsi Mtume, sala na salamu zimshukie, alivyokuwa akimwuliza khabari zake kwa upole. Lakini twakijua pia kisa cha mwanamke na paka aliyemfunga bila ya kumlisha. Baina ya visa viwili hivyo ndipo tangi la Mvumi linaposimama. Samaki yule hawezi kutoka kwenda kujitafutia maji. Hewa yake, joto lake na usafi wake vimo mikononi mwa nyumba.

Kwa ufupi, ndugu yetu, mwambie kijana: skima ya lita 500, yenye pampu ya umeme mdogo, betri, pampu ya akiba ya hewa, na samaki wasiozidi sita. Vyote vinne vije pamoja, au kisije hata kimoja. Na kabla hajalipa, mama wa nyumba asomewe hesabu ya ndoo, na neno lake liwe la mwisho.

Wabillahi tawfiq.