Kabla ya mizani, soma chapa

KUTOKA MLABANI
Na Prisca Mponda

Wanunuzi wa vitu vya fedha wanaopita Ifakara na mizani zao ndogo huuliza jambo moja: kina gramu ngapi? Nawasihi wenye vitu hivyo watangulize swali jingine: nani alikitengeneza?

Mara nyingi jibu limegongwa hapohapo. Tazama rupia ya Mjerumani, ile waliyoitoboa bibi zetu wakaivaa shingoni. Yenye simba na mnazi ni ya kampuni iliyotangulia serikali ya kikoloni, ya kati ya 1890 na 1902. Za kuanzia 1904 zina herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mwaka 1916, Waingereza wakiwa wameziba njia ya baharini, Wajerumani walifua sarafu Tabora, na zile za shaba ya manjano zina herufi T. Kuiuza T hiyo kwa kilo pamoja na vyuma chakavu kunaniuma sana, kwa sababu ni ushahidi wa kazi iliyofanyika katika ardhi yetu.

Reale ya Maria Theresa inataka uangalifu zaidi. Huandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, hata zile zilizofuliwa Rome, London na Bombay katika karne ya 20. Anayekutoza bei kubwa kwa sababu ya tarehe hiyo peke yake, mwache aende zake. Na kijiko chenye EPNS kimepakwa fedha juu tu. Kilichogongwa 800 kina fedha asilimia 80.

Kwingine chapa ni jina la fundi mwenyewe. Marekani hapakuwa na ofisi ya umma ya kupima fedha, isipokuwa Baltimore kati ya 1814 na 1830. Sonara aligonga jina lake, na jina hilo ndilo lililobeba dhamana. Ndiyo maana kazi za Paul Revere wa Boston zinatambulika mpaka leo.

Masonara wa Pwani walioyeyusha reale wakafua vikuku na mikufu, wengi hawakuacha chapa yoyote. Majina yao yamo vichwani mwa wazee, na wazee wanatutoka. Kama bibi yako ana kikuku, muulize alikipata wapi, nani alikifua, aliolewa nacho mwaka gani. Piga picha, andika majibu, weka karatasi pamoja na kikuku. Shida ikikulazimisha kukiuza, kiuze na karatasi yake, na nakala ibaki nyumbani.