Chumvi, Mpunga na Somo la Amani

Katika mabonde ya chini ya Mto Pangani, maji ya bahari huingia mtoni wakati wa bamvua, na hupanda mbali zaidi pale maji matamu yanapopungua. Mpunga uliokwisha kupatwa na chumvi huungua ncha za majani na kutoa mapepe. Kwa mkulima aliyepoteza msimu, urithi wa mimea si swali la mtihani tu.

Hata hivyo, somo la urithi mara nyingi huishia kwenye njegere za Mendel: sifa moja, jeni moja, tatu kwa moja. Ustahimilivu wa chumvi haurithiwi kwa wepesi huo. Katika Pokkali, mpunga wa kale wa pwani ya Kerala nchini India, sehemu ya kromosomu ya kwanza iitwayo Saltol huusaidia mche kupunguza sodiamu inayofika majanini. Lakini jeni nyingine nyingi huchangia, na mpunga uliostahimili ukiwa mche waweza kushindwa wakati wa kuchanua. Mwalimu anayekuza miche katika maji ya chumvi darasani (zoezi zuri, tena la gharama ndogo) hana budi kuwaeleza wanafunzi kuwa wameona nusu tu ya habari.

Njia ya kuhamisha sifa za namna hii si ngeni nchini. Huko Amani, katika Usambara Mashariki, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walianza katika miaka ya 1930 kuchavusha muhogo na jamaa yake, mpira wa Ceara, wakitafuta kinga ya batobato na michirizi ya kahawia. Machotara wa kwanza hawakufaa kwa chakula. Ikabidi wachavushwe tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi. Ngano nayo imepita humo: mwaka 2012 watafiti wa Australia walionyesha kuwa jeni iliyotoka kwa Triticum monococcum, ngano ya kale, iliongeza mavuno ya ngano ya durum hadi asilimia 25 katika udongo wa chumvi.

Basi si haki kuziita mbegu za wazee wa pwani duni kwa sababu tu mavuno yake ni haba. Pokkali nao ni mrefu, huanguka, na hauzai sana. Mbegu hizo zikusanywe kabla hazijaachwa, kisha vituo vya utafiti vizipime tangu mche hadi suke. Kukusanya kwawezwa na shule yoyote: kila mbegu na jina lake, shamba ilikotoka, na maelezo ya mkulima juu ya maji ya hapo.