Namba ya Mwanafunzi Ni Jina, Si Hesabu

Wenzangu, nianze kwa kukiri kosa. Nikiwa TP Muleba nilisahihisha jaribio la wanafunzi 45, kila mmoja na namba yake, M1 hadi M45. Nikaona nisijitese, nikaandika kiprogramu cha Python kipange alama kwa namba. Nikazinakili kwenye orodha ya darasa mstari kwa mstari, nikabandika, nikapanda gari la Bukoba wikiendi roho nyeupe.

Jumatatu binti wa M2 akanijia na karatasi yake. "Shikamoo mwalimu. Samahani, hapa nina 71, kwenye ubao wa matangazo nina 23." Nyumbani alikuwa ameshaitwa mvivu.

Kumbe kompyuta ilipanga hivi: M1, M10, M11, hadi M19, ndipo M2. Mimi nilidhani wa pili ni M2. Akabebeshwa alama za M10, na M10 naye akapewa za M18.

Jamani, kompyuta haikukosea. Herufi na tarakimu zikichanganyika, inalinganisha kama kamusi, moja moja kutoka kushoto. Ikikuta 1 ni ndogo kuliko 2, imemaliza, kilichobaki haikitazami. Ndiyo maana kamusini "barabara" hutangulia "bata". Tena herufi kubwa hutangulia ndogo: kwake B ni 66, M ni 77, b ni 98. Kwa hiyo "Bukoba" hutangulia "Muleba", lakini "bukoba" huja nyuma yake. PHP nayo ina kituko chake: linganisha "1E3" na "1000" kwa alama mbili za sawasawa, utaambiwa ni kitu kimoja, maana E inasomwa kama kumi kwa kipeo. Sasa mfikirie mwanafunzi wa tatu wa Kidato cha Kwanza E!

Hata wakubwa yamewakuta. Mwaka 2020 wataalamu wa jeni walitangaza kubadilisha majina kama MARCH1 na SEPT1 kwa sababu Excel ilikuwa ikiyageuza tarehe.

Najua kuna atakayesema, "Mimi ni wa Kiswahili na Historia, hayo waachieni watu wa IT." Hapana. Mwalimu wa darasa anayejumlisha matokeo ndiye huyohuyo wa Kiswahili. Ingekuwa UE yetu, mtu akapewa sapu isiyo yake, hapa kampasi pasingelalika.

Maoni yangu ni haya: kompyuta tunayosoma sisi wa ualimu isiishie kuchapa barua na kutengeneza slaidi. Tufundishwe kuandika M01 badala ya M1, kuhifadhi namba za wanafunzi kama maandishi, na kabla ya kubandika, kuchukua karatasi tano na kuzilinganisha na orodha. Ni dakika chache tu.

Binti yule nilimwomba radhi mbele ya darasa, na alama zote 45 nikazirekebisha siku hiyohiyo. Maneno aliyoambiwa nyumbani wikiendi ile sikuweza kuyafuta.