Siku ya Kliniki Si Siku Moja

Wakubwa hutwambia kila mara kwamba matibabu yamesogezwa karibu na wananchi, na sisi hatukani kwamba majengo yapo. Muhimbili iko Upanga, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, na tangu mwaka 2015 ipo hapo taasisi ya maradhi ya moyo. Ocean Road iko ufukweni, na kwa miaka mingi ndiko walikovuka bahari wagonjwa wetu wa saratani kufuata mionzi. Hayo ni dhahiri. Lakini twauliza: ni nani aliyekaa akaihisabu kazi aifanyayo mgonjwa mwenyewe hata akafika mbele ya daktari?

Twasema kazi, wala si mzaha. Sukari, presha, figo na seli mundu si homa ya kumeza vidonge siku tatu ikapoa. Ni maradhi ya kuishi nayo mtu umri wake wote, nayo yana siku zake za kuitikia jina. Ambaye figo zake zimeshindwa husafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara ni kiasi cha saa nne. Jumlisha na njia, utaona kwamba hiyo ni ajira isiyo mshahara.

Mtazame ndugu yetu atokaye Pemba. Hupanda chombo Mkoani mpaka Unguja, na Unguja hupanda kingine mpaka Dar es Salaam. Akishuka bandarini huelekea Kariakoo, kwa kuwa ndiko waliko jamaa. Hupita baina ya mikokoteni na bidhaa zilizotandazwa chini, miguu imevimba, na mkoba mkononi ambao hathubutu kumpa mchukuzi kwa sababu ndani yake mna insulini. Zile nyumba za zamani za ua na kibaraza zimevunjwa nyingi, zikasimamishwa ghorofa; basi jamaa yake yuko juu ghorofa ya nne, na ngazi ni za kupanda kwa miguu. Akifika, neno lake la kwanza baada ya salamu ni kuuliza kama friji yafanya kazi. Umeme ukiwa umekatika, huomba chungu cha udongo na maji, aihifadhi dawa yake kwa ubaridi wa chungu. Usiku huamka mara nne kwenda msalani katika nyumba ya watu, akinyata asiwaamshe watoto.

Liko jambo moja madaktari wengi hawaambiwi, nasi twalisema hapa kwa niaba ya wenye kuona haya. Baadhi ya vidonge vya presha humkojoza mtu mara kwa mara. Mgonjwa mwenye safari ya boti na foleni ya asubuhi nzima hukiacha kidonge chake siku hiyo, asije akaaibika njiani. Akipimwa, presha iko juu. Daktari humkemea kwamba hafuati masharti, humwongezea dawa, na yeye hujibu, "Ndiyo, daktari." Kwa hivyo safari ya kwenda kutibiwa ndiyo iliyomharibia matibabu, na katika faili huandikwa kuwa mgonjwa ni mkaidi.

Mwandishi wa makala hii naye si mtazamaji tu, na leo analitoa lililokuwa siri. Ni mwaka wa sita naishi na sukari. Safari moja niliambiwa nifike asubuhi bila ya kula, nipimwe damu. Hospitali siitaji. Nilitoka Kariakoo saa kumi alfajiri nipate namba ya mbele, nikapata ya thelathini na tisa. Damu ilitolewa saa nne. Faili halikuonekana hadi adhuhuri, na mate yalikuwa yamekauka kinywani. Kisha nikaambiwa daktari wa macho hukaa Alhamisi, nami nimekuja Jumanne. Duka langu lilifungwa siku tatu. Wateja niliwaambia nimefuata bidhaa, na ili nisionekane mwongo nilinunua katoni mbili za sabuni Mtaa wa Kongo, nikarudi nazo begani. Sabuni sikuihitaji. Sikutaka mwenye kunikopesha mali ajue kwamba nimekuwa mtu wa hospitali.

Mwaka 1992 wataalamu wa Dar es Salaam, miongoni mwao Profesa McLarty, walichapisha hisabu ya gharama za kuwatibu wenye sukari katika 1989 na 1990: dola 287 kwa mwaka kwa anayehitaji insulini, na dola 103 kwa asiyeihitaji. Kazi ile ilikuwa njema, na yapasa waheshimiwe. Lakini hizo ni gharama za matibabu. Siku za duka kufungwa, nauli ya binti anayemsindikiza mzee wake, deni la fadhila kwa mwenye nyumba, hayo hukaa katika daftari ambalo Serikali hailifungui.

Nasi hatudai muujiza. Wanaotumia dawa za virusi vya UKIMWI, wakiwa hali zao zimetulia, hupewa dawa za miezi mitatu, na wengine za sita. Ikiwa hilo limewezekana kwao, na limewezekana vizuri, mwenye presha iliyotulia aitiwe nini kila mwezi? Mgonjwa aambiwe saa, asiambiwe "asubuhi". Atokaye Visiwani apangiwe kliniki zake zote siku moja, na karani aulize atokako kabla ya kuandika tarehe. Hayo hayahitaji fedha za wafadhili. Yahitaji kalamu na mtu wa kuuliza.

Kliniki yangu ijayo ni Jumatatu. Nitavuka kwa boti ya Jumapili alasiri, na safari hii nasema wazi niendako. Mwanachama mwenye mgonjwa wa kusindikizwa na anikute dukani kabla ya Ijumaa, tuvuke pamoja. Sabuni ningali nayo katoni moja, kwa bei ya kununulia.