Asiyepima Hupimiwa

Joto la huku Texas linatuchemsha kama maharage, ila tu wazima.

Leo najibu swali ninaloulizwa kila nikishuka Houston kuwasalimia Wabongo wenzangu, na kila nikipiga simu nyumbani: "Hivi wewe unasomea nini hasa?" Kwa jamaa wa Houston kazi ni mafuta au uuguzi, basi. Nikisema huku Dallas napima mapigo ya leza, shangazi anacheka: "Umevuka bahari kwenda kupima tochi?"

Sawa shangazi, sikiliza. Leza ninazozisema hazimuliki mfululizo. Zinatoa mapigo mafupi mno, ya femtosekunde 100 hivi, na sekunde moja ina femtosekunde bilioni milioni moja. Mwanga huenda kilometa 300,000 kwa sekunde, lakini ndani ya femtosekunde 100 unasogea milimita 0.03 tu, chini ya unene wa unywele. Hakuna saa ya kawaida inayowahi hapo. Mizani ya magunia haipimi pete ya sonara.

Kwa hiyo mpigo unapimwa kwa mpigo wenyewe. Unaugawa mara mbili, nusu moja unaichelewesha kwa kusogeza kioo, kisha unazikutanisha ndani ya fuwele maalumu. Zikifika pamoja, fuwele inatoa mwanga wa rangi nyingine. Zikipishana, mwanga huo unafifia. Umbali uliosogeza kioo ndio unaokuambia urefu wa mpigo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Rick Trebino na Daniel Kane waliongeza hatua ya kuuchambua mwanga huo rangi kwa rangi, na umbo la mpigo likajulikana, siyo urefu tu.

Tatizo, fuwele ya kawaida inataka mwanga mkali. Dawa yake ni kutengeneza mfereji mwembamba ndani ya fuwele, mwanga ubanwe humo usitawanyike njia nzima. Hapo hata mpigo dhaifu unapimika.

Sasa hoja yangu. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na mingine ikafuata. Simu zenu za video hupita humo kama mapigo ya mwanga. Hayo ni marefu kuliko ya maabara, ila nayo yakisafiri mbali hutanuka na kuingiliana. Anayejua kupima anajua kosa liko wapi. Asiyejua anasubiri fundi wa muuzaji, na analipa anachoambiwa. Mkulima wa kwetu anaijua habari hii: ni lumbesa ile ile, gunia limevishwa kilemba na bei ni ya gunia moja.

Tena msiseme haya ni mambo ya Wazungu. Ahmed Zewail, Mmisri, alipata Nobel ya kemia mwaka 1999 kwa kutumia mapigo ya namna hii kuzitazama molekuli zikiachana.

Basi wazazi wangu, mtoto akipenda hesabu na fizikia, msimsukume kwenye uuguzi au mafuta kwa sababu tu mshahara wake unajulikana. Hizo ni kazi njema, lakini nchi inahitaji na wapimaji wake. Asiyepima hupimiwa.

Haya, nawasalimu wote, wakubwa shikamooni. Mnaobisha semeni, nitajibu.