Simu haioni jiko la mama

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika nyumba moja ya Makorora jijini Tanga, mama yuko barazani anakaanga vitumbua. Hatua chache kutoka kwenye jiko lake la mkaa, kijana wake wa miaka 22 amechuchumaa kando ya pikipiki. Anapiga kiki, injini inawaka. Anarudisha choki, injini inazima. Anapiga tena, inazima tena. Mwisho anaketi kwenye ngazi, anatoa simu na kuiinamia.

"Mwanangu, jua linapanda na wewe uko na simu. Hesabu ya tajiri utaikuta humo?"

"Naulizia kabureta, mama. Nimetuma video kwa mafundi mtandaoni, nasubiri wanijibu."

Mama anaguna. Kwake yeye simu ni ya vichekesho na mpira. Lakini kijana hachezi. Pikipiki ni ya mkataba: kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na muda waliokubaliana ukiisha, chombo kitakuwa chake. Pikipiki ikilala, hesabu hailali. Anauliza kwanza kwa sababu anaogopa kufika gereji na kuambiwa kabureta imekufa, nunua mpya, kumbe ni uchafu tu.

Jibu la kwanza linaingia: "Fungua kabureta, ioshe na petroli." Kijana anachukua beseni, analiweka papo hapo barazani na kumimina mafuta. Mzee wa nyumba ya pili, aliyefuata vitumbua vyake vya asubuhi, ndiye anayepaza sauti: "Wewe mjukuu wangu, toa petroli hiyo hapo! Huoni mama yako ana moto?"

Nyumba hii ni ya mfano, ila wazazi wengi wa Makorora, Mabawa au Mwanzange wataitambua. Yule fundi wa mtandaoni hakukosea sana. Aliona video ya injini. Jiko lililokuwa nyuma ya simu hakuliona.

Kuuliza si ujinga

Mzazi anayemnyang'anya kijana simu katika hali kama hii anamkata mkono. Msaada wa mtandaoni kwa pikipiki ni wa kweli, na sababu yake ni rahisi. Honda CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976. Ilitengenezwa Brazili na Pakistani, na viwanda vingi vya China vikaiga injini yake. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria Tanga zina injini ya ukoo huo. Kwa hiyo tatizo linalomsumbua kijana wa Makorora huenda mtu wa Karachi alilitatua mwaka jana na akaonyesha kwa mikono yake. Hata kama lugha haieleweki, bisibisi haihitaji mkalimani.

Kabureta yenyewe si ya kutisha. Kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo. Chini ina bakuli dogo lenye boya, linalofanya kazi kama boya la tanki la choo: mafuta yakijaa boya linapanda na kuziba njia, yakipungua linashuka na kufungua. Kutoka kwenye bakuli, mafuta hupita kwenye vitundu vidogo vya jeti. Jeti ndogo hulisha injini ikiwa inanguruma taratibu, kubwa huilisha ikipigwa resi. Punje moja ya kutu kutoka kwenye tanki inatosha kuziba jeti ndogo, na mji wa pwani wenye hewa ya chumvi na unyevu hauishiwi kutu.

Swali lenye maelezo

Shida iko kwenye namna ya kuuliza. Anayeandika "Wakuu, pikipiki inasumbua, msaada" atapata majibu kumi yanayogombana. Anayeeleza dalili atapata mawili au matatu yanayokaribiana. Hapa mzazi anaweza kusaidia hata kama hajawahi kushika spana: akae na kijana, amhoji kama daktari anavyomhoji mgonjwa.

Pikipiki ni ya aina gani, na kabureta imeandikwa nini ubavuni? Nyingi za Kichina zina maandishi kama PZ26 au PZ27. Jibu la kabureta moja si lazima lifae nyingine, na Boxer au TVS zina zao.

Tatizo lilianza lini, na kabla yake kulifanyika nini? Mafuta yalinunuliwa kwenye chupa njiani? Mvua ilinyesha? Fundi aligusa kitu?

Inazima wakati gani? Ikiwaka kwa choki tu na kuzima choki ikirudishwa, mara nyingi injini inakosa mafuta: jeti ndogo imeziba, au kuna mahali panapovuta hewa. Petroli ikichuruzika kwenye mpira wa chini, uchafu huenda umezuia sindano ya boya isifunge. Moshi mweusi na plagi yenye masizi vinaonyesha mafuta yamezidi hewa, na cha kwanza kutazamwa ni chujio la hewa. Ikienda kilomita kadhaa ikafa, kisha ikawaka baada ya kupumzika, kifuniko cha tanki kifunguliwe kidogo. Kama inapona, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba, na kabureta inasingiziwa.

Maelezo hayo, na picha ya plagi, yana thamani kuliko video ya dakika tano yenye kelele.

Jibu sahihi, mahali pengine

Hata jibu la fundi mzuri linaweza kumpoteza kijana. Mfano ni ile skrubu ndogo ya ubavuni. Katika baadhi ya kabureta inapima hewa, kwa hiyo kuikaza ndani kunaongeza ukali wa mafuta. Katika nyingine inapima mafuta yenyewe, na kuikaza kunayapunguza. "Kaza nusu mzunguko" ni dawa kwa moja na sumu kwa nyingine. Kwa kawaida skrubu iliyo upande wa chujio ni ya hewa, na iliyo upande wa injini ni ya mafuta. Kabla ya kuigusa, kijana aikaze taratibu huku akihesabu mizunguko mpaka iguse mwisho, kisha aandike hesabu hiyo. Akipotea, anajua pa kurudi.

Mfano mwingine ni mwinuko. Makorora iko karibu na usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu yake, na Lushoto mita 1,400 hivi. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini hutaka mafuta pungufu. Fundi wa Nairobi anayeshauri jeti ndogo zaidi anasema kweli ya kwao, lakini pikipiki ya Tanga ikifuata itakosa mafuta na kuchemka.

Na lipo jambo ambalo kijana atalikuta likirudiwa kila siku: kuzibua jeti kwa sindano ya kushonea au waya wa chuma. Jeti ni shaba laini. Chuma kinapanua tundu, na likipanuka hakuna dawa ila kununua nyingine. Upepo wa kompresa unatosha.

Petroli na moto wa nyumbani

Mvuke wa petroli hauonekani na ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, ukavuka kizingiti, ukalifikia jiko lililo mbali na beseni. Watanzania hawajasahau Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka na kuua watu zaidi ya 100 waliokwenda kuchota petroli. Lita moja barazani haiwezi kufanya hayo, lakini inatosha kuunguza familia.

Kwa hiyo kabureta ifunguliwe nje, mahali pa wazi, mbali na jiko, sigara na watoto, koki ya mafuta ikiwa imefungwa na injini imepoa. Petroli isivutwe kwa mdomo kwa mpira. Isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Mtoto akinywa petroli asitapishwe wala asilazimishwe kunywa maziwa, kwani mafuta yakipanda yanaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe haraka kituo cha afya au Hospitali ya Bombo. Namba ya Zimamoto ni 114, na kila mtu wa nyumbani aijue.

Anayetaka pesa kwanza

Kijana akishaandika shida yake hadharani, atafuatwa pembeni na mtu mwenye "kabureta orijino kutoka Dar, nusu bei, tuma ya basi kwanza." Huyo ni ndugu wa yule wa "ile pesa itume kwenye namba hii." Mwenye spea ya kweli hakosi duka, na fundi wa kweli haombi namba ya siri ya mtu. Mzazi na kijana wakubaliane mapema: hakuna pesa inayotoka kabla kitu hakijaonekana. Tapeli akijitokeza, neno UTAPELI hutumwa kwenda 15040, kisha namba yake.

Simu na mkono

Mwaka 2016 VETA na Airtel Tanzania walizindua VSOMO, programu ya kujifunzia ufundi kwa simu. Mwanafunzi alisoma nadharia kwenye simu, kisha akaenda chuo cha VETA kufanya kwa vitendo. Mpango huo unamfaa hata kijana wa barazani: simu imwonyeshe, mkono wenye uzoefu umsimamie. VETA ipo Tanga, na fundi wa mtaani aliyeheshimiwa kwa salamu na subira hufundisha bila ada.

Katika nyumba ile ya Makorora, beseni liliondolewa, na mama na mwanawe wakaliandika swali upya: PZ27, inawaka kwa choki, inazima ikirudishwa, imeanza juzi baada ya tanki kukauka kabisa. Safari hii majibu yalikubaliana: jeti ndogo. Kijana akaisukuma pikipiki hadi kwa fundi mwenye kompresa.

"Shikamoo, fundi. Naomba unisimamie niifungue mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Leta bisibisi."

Upepo ulitoa chembe ya kutu ndogo kuliko punje ya mchanga. Fundi akamwambia aoshe na tanki pia, la sivyo wiki ijayo watakutana tena. Jioni hesabu ilikuwa pungufu. Kijana alimweleza tajiri sababu, na kiporo akakimaliza siku tatu baadaye.

Jumapili alipotaka kuosha tanki, alisimama kwanza mlangoni, kidumu mkononi, akauliza: "Mama, jiko limezimwa?"