Historia ya gari isiishie bandarini

Muuzaji wa gari anayejua kazi yake siku hizi haapi tena kwa jina la Mungu. Anatoa simu, anafungua karatasi yenye alama, namba na mihuri, kisha anasema: historia yote ya gari hili ni hii, soma mwenyewe. Mnunuzi anatazama maandishi ya Kijapani au ya Kiingereza, anatambua neno moja au mawili, anaona aibu kuuliza zaidi, na feza zinahesabiwa.

Karatasi hizo zina faida. Anayenunua gari lililotumika, lile tunaloita okazyo, bila kudai makaratasi yake anajitakia hasara. Lakini karatasi hueleza yale tu ambayo mtu aliyaandika, mahali fulani, tarehe fulani. Safari ya kutoka bandarini hadi Kindu, na miaka ambayo gari limefanya kazi ndani ya Kongo, haimo. Mnunuzi wa Maniema anahitaji kujifunza kusoma karatasi inavyopaswa, na viongozi wa jimbo wanahitaji kuanza kuandika ile sehemu ambayo hakuna anayeiandika.

Hapa kwetu kosa la kununua gari bovu linauma kuliko kwingine. Lubumbashi au Dar es Salaam, injini ikifa, duka la vipuri liko mtaa wa pili. Kindu tunangoja treni ya SNCC kutoka kusini, ambayo haina siku wala saa, au tunalipa bei ya ndege. Tena gari moja mara nyingi limenunuliwa kwa feza za watu wengi: ukoo, parokia, chama cha akina mama wanaouza mchele na mafuta ya ngazi. Gari hilo ndilo linalomleta mgonjwa kutoka Kalima na kupeleka bidhaa Kasongo. Likisimama mwezi wa pili, si mtu mmoja anayelia.

Tuanze na Japani, kwa sababu magari mengi ya mashariki mwa Kongo yenye usukani wa kulia yametoka huko kupitia Dar es Salaam au Mombasa. Karatasi ya kwanza ya kudai ni cheti cha kusafirisha gari nje, kinachotolewa na serikali ya Japani. Kina namba ya chasi, mwezi gari lilipoandikishwa mara ya kwanza, ukubwa wa injini, na kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi. Wengi hukwama kwenye miaka, kwa sababu Wajapani huhesabu kwa enzi za wafalme wao. Ukiona Heisei, ongeza 1988: Heisei 24 ni mwaka 2012. Ukiona Reiwa, ongeza 2018: Reiwa 3 ni mwaka 2021. Kwa hesabu hiyo ndogo utajua umri wa kweli wa gari, hata muuzaji akikuambia jambo lingine.

Halafu panga kilomita na tarehe kwenye mstari mmoja. Tuseme cheti kinaonyesha kilomita 118,000 mwaka 2021, na leo saa ya kilomita iliyo mbele ya shoferi inaonyesha 76,000. Kilomita huongezeka tu, hazipungui. Ama mtu amerudisha namba nyuma, ama saa hiyo imetolewa kwenye gari jingine. Hapo muuzaji akose la kusema, au bei ishuke, au uondoke.

Karatasi ya pili ni ile ya mnada. Ina alama ya jumla: 4 na 4.5 ni gari lenye hali nzuri, 3 na 3.5 ni gari lililochoka kiasi. Ukiona herufi R au RA badala ya namba, fahamu kwamba gari liligongwa, mifupa ya mwili wake ikaguswa, kisha likatengenezwa. Kuna pia mchoro wa gari wenye herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, X ni sehemu inayofaa kubadilishwa, XX ni sehemu iliyokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata herufi, 1 hadi 3, inaonyesha ukubwa wa dosari. Gari lenye R si lazima likataliwe; likitengenezwa vizuri linaweza kutumika miaka mingi. Ubaya ni kulipia gari la R kwa bei ya gari la 4.5.

Magari yaliyotoka Marekani yana utaratibu mwingine. Kule ripoti huuzwa na makampuni kama Carfax na AutoCheck, na hutafutwa kwa namba ya chasi yenye tarakimu na herufi 17, ambayo ndiyo kanuni ya magari yao tangu mwaka 1981. Maneno matatu ya Kiingereza yanatosha kumwamsha mnunuzi. Salvage ni gari ambalo bima ilihesabu kwamba limekufa, kwa kuwa gharama ya kulitengeneza ilikuwa kubwa mno ukilinganisha na bei yake. Rebuilt ni gari lililokwisha kuhesabiwa hivyo, kisha likatengenezwa na kuruhusiwa kurudi barabarani. Flood ni gari lililozama majini. Tufani za Katrina mwaka 2005 na Harvey mwaka 2017 zilizamisha magari mengi sana, na maji huua gari polepole: leo linawaka, baada ya miezi nyaya zinaoza na breki zinakataa kusikia.

Ulaya nako wana zao. Ubelgiji ina Car-Pass, karatasi inayoonyesha kilomita za gari tarehe kwa tarehe. Ufaransa ilifungua huduma ya bure ya HistoVec mwaka 2019. Kwa gari lenye usukani wa kushoto lililotoka nchi hizo, muuzaji hana sababu ya kukosa karatasi.

Sasa tufike kwenye mtego mkubwa. Ripoti isiyo na doa si ushuhuda kwamba gari halina doa. Ajali ambayo haikufika kwa polisi wala kwa bima haimo ndani yake. Tena gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi ya chasi, si ile ya 17, kwa hiyo ukiitafuta kwenye huduma za Marekani utajibiwa kwamba hakuna kitu. Jibu hilo maana yake ni kwamba ulibisha hodi nyumba isiyo yake. Wapo wauzaji wanaolionyesha jibu hilo kama cheti cha usafi. Vivyo hivyo na picha iliyotumwa kwa WhatsApp: picha hurekebishwa. Chukua namba mwenyewe kwenye gari, na utafute mwenyewe au kwa kijana unayemwamini.

Namba hiyo isome kwenye chuma, kisha uilinganishe na carte rose, karatasi za douane na cheti kilichotoka ng'ambo, herufi kwa herufi. Kama ni ya 17, kumbuka kwamba herufi I, O na Q hazitumiki kamwe. Ukiziona, mtu amekosea au amebuni. Jambo hili lina uzito zaidi tangu vita vilipofika Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025. Katika vita magari hubadilisha mikono bila makaratasi. Mkimbizi anayeuza gari lake halali anastahili kununuliwa kwa heshima. Gari lililonyang'anywa halistahili hata kujadiliwa bei. Namba ya chasi na jina la mwenye carte rose ndivyo vinavyotenganisha hao wawili. Ukiwa na shaka, peleka namba polisi kabla ya kutoa feza, kwa kuwa wao ndio wanaoweza kuuliza kwenye orodha ya Interpol ya magari yaliyoibiwa.

Na baada ya karatasi zote hizo, bado kuna miaka ya Kongo. Gari lililofika Kalemie likiwa na alama 4, likafanya miaka mitatu kwenye matope na kuvuka mito kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja, si la alama 4 tena. Nani aliandika? Kwa kawaida hakuna. Historia iliyo kamili kuliko zote hapa Maniema haitoki ng'ambo: ni carnet de bord ya gari la shirika, ambamo shoferi huandika kila safari, kilomita na mafuta. Ukinunua Land Cruiser iliyokuwa ya shirika, idai carnet hiyo kabla ya kuuliza bei. Kwa gari jingine lolote, lipa fundi usiyemjua muuzaji wake, alale chini ya gari, ainue mazulia atafute matope makavu, avute mkanda wa usalama hadi mwisho aone kama una alama ya maji.

Lakini si haki kumwachia mnunuzi mmoja mmoja mzigo wote. Wanaofanya contrôle technique katika jimbo wanaliona gari likiwa mbele yao. Waandike kilomita na tarehe kwenye cheti wanachotoa, na waziweke pia kwenye kitabu ambacho mnunuzi anaweza kukiuliza kwa namba ya chasi. Ubelgiji ilifanya kilomita kuwa sharti la kila mauzo tangu Desemba 2006, na udanganyifu ukabanwa. Wao wana kompyuta. Sisi tunaweza kuanza na daftari lenye mistari mitano.

Tunajua pingamizi litakalokuja. Wafanyabiashara watasema ni usumbufu mwingine, na tunaelewa hofu yao, maana katika nchi hii kila karatasi mpya huzaa kodi mpya na kizuizi kipya barabarani. Kwa hiyo tuseme wazi: mstari huo uandikwe bila kulipisha hata franka moja. Ukigeuzwa kuwa taksi, watu watakwepa ukaguzi wenyewe na daftari litabaki tupu. Wengine watasema magari ya Kindu ni machache mno. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza sasa, kabla hayajawa mengi kiasi cha kushindwa kuyahesabu. Muuzaji mwaminifu naye atafaidika, kwa kuwa leo gari lake zuri linauzwa bei moja na la mdanganyifu.

Gavana na bunge la jimbo hawahitaji mkopo wala mfadhili kwa jambo hili. Wanahitaji agizo moja kwa wakaguzi wao, na mtu wa kuhakikisha kwamba linafuatwa pande zote mbili za mto, Kasuku, Mikelenge na Alunguli. Nasi wakaaji tuna sehemu yetu: tusilipe gari ambalo namba yake hatujaisoma kwenye chuma kwa macho yetu.